Fahali Wawili Wanakaa Zizi Moja, Swali ni Nani Anafunga Lango

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema kabla mtu hajaniambia "andika upya kila kitu": React na Angular zinaweza kuishi kwa ukurasa mmoja bila kumaliza memori ya mtu. Ndiyo, methali naijua. Fahali wawili hawakai zizi moja. Huku Ewuaso Kedong unaisikia ukiwa bado mdogo, na mifugo iko hapo nje kama mashahidi. Lakini uliza mchungaji yeyote. Mbuzi wakipotea usiku, mara nyingi hakuna fahali aliyepigana na mwenzake. Wachungaji wawili walirudi pamoja, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye amefunga lango.

Hayo ndiyo maoni yangu yote. Memori ikivuja kwa mradi uliochanganya fremuweki mbili, usianze kulaumu React, na usianze kulaumu Angular. Anza mpakani, pale moja inaingiza nyingine. Na usikisie, pima.

Hii memori inavujaje kwanza?

Jina lenyewe linadanganya. Tangi la maji likivuja, unaona matope chini na unajua maji yameenda. Memori ikivuja haijaenda popote. Iko ndani, imejaa, na hakuna anayeweza kuitumia.

Mfano mzuri ni ploti za kupanga pale Kitengela. Mpangaji amehama tangu mwezi jana. Nyumba iko tupu. Lakini ajenti bado ana jina lake kwa kitabu, kwa hivyo msimamizi hawezi kumpa mtu mwingine hiyo nyumba. Mwezi ujao anahama mwingine, jina linabaki tena. Baada ya mwaka ploti "imejaa" na usiku ni taa tatu tu zinawaka.

Kivinjari kinafanya kazi hivyo hivyo. JavaScript ina msafishaji wa memori anayeanzia kwa vitu vya msingi kama `window`, kisha anafuata kila kamba inayotoka hapo kwenda kwa kitu kingine. Kitu chochote anachoweza kukifikia, anakiacha. Asichoweza kukifikia, anakifagia. Hajui kama unakihitaji. Anajua tu kama kuna mtu bado amekishika. Sasa, ukiwa na fremuweki moja, kuna kitabu kimoja cha wapangaji. Ukiwa na mbili, kuna vitabu viwili, na jina likifutwa kwa kimoja likabaki kwa kingine, nyumba bado imefungwa.

Kitu kingine: zamani ukibonyeza linki, ukurasa wote ulikuwa unaanza upya, na takataka zote zinaondoka nao. Programu za siku hizi hazifanyi hivyo. Unafungua asubuhi, unabonyeza siku nzima, na ukurasa ni ule ule mmoja. Uchafu mdogo wa saa mbili asubuhi bado uko hapo saa kumi na mbili jioni, na umezaa.

Nani analipa

Ukiwa na laptopu ya RAM GB 16, programu inayovuja utaisikia kama feni imepiga kelele kidogo. Unafungua YouTube, unasahau.

Mtu aliyechukua simu ya Lipa Mdogo Mdogo, ule mpango Safaricom na Google walianzisha Julai 2020 wa kulipa shilingi 20 kwa siku, hana hiyo nafasi. Hapo Athi River, jirani tu na Kitengela, kuna kiwanda kilichofunguliwa Oktoba 2023 kinachounganisha simu ambazo wakati huo ziliuzwa chini ya shilingi 10,000. Hizi ndizo simu za watu wetu. Na kwa simu ya RAM ndogo, Android ikiona memori inaisha inaanza kuua vitu vilivyo nyuma. Unajibu simu ya mama dakika mbili, unarudi kwa fomu uliyokuwa unajaza, unakuta ukurasa umeanza upya na fomu iko tupu. Hakuna ujumbe wa makosa. Hakuna mtu atakuambia "samahani, memori ilivuja". Unajiona tu kama wewe ndiye hujui kutumia mtandao, na unanunua bando nyingine kuanza tena.

Hiyo ndiyo sababu hii mada inanikera. Wengi wanaichukulia kama ujanja wa wasee wa kompyuta. Mimi naiona kama swali la adabu. Aliyeandika kodi ana mashine nzuri, anayeitumia hana, na gharama inashuka kwa huyo wa chini.

Mfano wa nyumbani

Usidhani kuchanganya fremuweki ni uzembe wa watu wasiojua kazi. Mfano mmoja mzuri sana umetoka hapa hapa kwetu.

OpenMRS ni programu huria ya rekodi za wagonjwa. Kazi yake ilianza 2004, na mizizi yake iko kwa mpango wa AMPATH kule Eldoret, ambako ilianza kutumika 2006. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika kwa vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu yake. Sasa, toleo la tatu la OpenMRS lilikuja na sura mpya iliyoandikwa kwa React, ikiwa imegawanywa vipande vidogo vinavyounganishwa na maktaba inayoitwa single-spa. Lakini AMPATH tayari walikuwa na injini ya fomu za wagonjwa waliyoiandika kwa Angular, inaitwa ngx-formentry. Injini hiyo ikaingizwa ndani ya ile nyumba ya React. Daktari anafungua faili ya mgonjwa kwa React, anabonyeza fomu, na ndani yake anayejibu ni Angular. Baadaye injini nyingine ya fomu iliandikwa kwa React, lakini fomu hazikusubiri siku hiyo.

Sisemi kwamba mfumo huo unavuja. Nasema ni mahali pazuri pa kujifunza, kwa sababu single-spa inalazimisha mkataba. Kila kipande kinachoingia lazima kitoe kazi tatu: kujiandaa, kubandikwa na kubanduliwa. Ukikosa ile ya kubandua, huingii. Yaani kabla mgeni hajakaa, tayari mmekubaliana ataondoka vipi.

Miradi mingi midogo ya mtaani haina huo mkataba. Unapewa kazi: duka lina ukurasa wa AngularJS wa zamani, mwenyewe anataka sehemu ya malipo iandikwe kwa React. AngularJS iliacha kuhudumiwa na Google mwisho wa 2021, kwa hivyo ni halali kabisa kutaka kuhama polepole. Unaweka div, unabandika React ndani, inafanya kazi, unalipwa. Hakuna aliyeuliza nani atabandua.

Mahali panapovuja

Kwa maoni yangu ni sehemu nne, na zote ziko mpakani.

Ya kwanza: mwenyeji ni AngularJS, mgeni ni React. Mtumiaji akienda ukurasa mwingine, AngularJS inatoa ile div. Kwa macho kila kitu kimeondoka. Lakini React hakuna aliyeiambia. Zile kazi za usafi ulizoandika vizuri ndani ya `useEffect` hazijaitwa. Kama ndani kulikuwa na taima inayouliza seva kila sekunde tano kama malipo yameingia, inaendelea kuuliza. Taima imeshika komponenti, komponenti imeshika vipande vya ukurasa ambavyo havionekani tena. Mtumiaji akirudi, unabandika mpya. Sasa taima ni mbili. Dawa ni mstari mmoja: `$destroy` ya AngularJS ikilia, ita `root.unmount()`.

Ya pili ni kinyume chake. React ndiye mwenyeji na ndani yake kuna kipande cha AngularJS. React ikitoa kipande chake, scope ya AngularJS inabaki imening'inia kwa `$rootScope`. Hapa ubaya ni mara mbili, kwa sababu watazamaji wa hiyo scope wanaendelea kukaguliwa kila AngularJS inapofanya ukaguzi wake. Memori inajaa na ukurasa unakuwa mzito. Kazi ya usafi ya React lazima iite `scope.$destroy()`.

Ya tatu ni ghala la pamoja. Fremuweki mbili zinahitaji kuongea, kwa hivyo mnaweka kitu katikati: Redux, RxJS, au kifaa chenu wenyewe cha kutangaza matukio. Kila upande unajiandikisha kusikiliza. Ghala linaishi muda wote ukurasa uko wazi, na msikilizaji yeyote ambaye hakujiondoa anaishi nalo. Hii ndiyo ngumu kuiona, maana div imetolewa vizuri, React imebanduliwa vizuri, na bado jina liko kwa kitabu.

Ya nne ni mtego wa matoleo. React 18 ya Machi 2022 ilileta `createRoot`. Ukibandika kwa njia hiyo mpya na huku kodi ya kubandua bado inaita ile ya zamani, `unmountComponentAtNode`, haibandui. Unapata onyo tu kwa konsoli, na wote tunajua vile watu huangalia maonyo. React 19 iliiondoa kabisa ile kazi ya zamani, angalau hapo kosa linapiga kelele.

Na Angular hii mpya, ile ya kuanzia 2016, ina kitu kinaitwa zone.js ambacho miradi mingi bado inatumia. Kinajiweka juu ya `setTimeout`, `setInterval` na wasikilizaji wa matukio. Ukianzisha React ukiwa ndani ya zone ya Angular, taima ya React inaweza kuamsha Angular ikague ukurasa kila inapolia. Taima moja iliyosahaulika sasa inafanyisha kazi nyumba mbili.

Jambo la kukumbuka: kusahau kubandua hakuvuji kila mara. Kama hakuna kitu cha nje kilichoshika kipande, msafishaji atakifagia tu. Ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa mwaka mzima kimya, mpaka siku mtu anaongeza taima moja.

Kupima, sio kukisia

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Wanaona memori imepanda, wanaanza kubadilisha kodi kama mtu anatafuta ufunguo gizani. Tulia. Chrome ina kila kitu na ni bure.

Chagua kitendo kimoja kinachorudi pale kilipoanzia. Kwa mfano: fungua fomu ya malipo, funga, rudi kwa orodha. Tumia dirisha la siri ili viongezi vya kivinjari visiharibu hesabu. Pima toleo la mwisho la programu, si lile la kutengenezea, kwa sababu React ikiwa kwa hali ya utengenezaji hufanya mambo mengine ya ziada. Na toa `console.log` zote: konsoli ikiwa wazi inashika kila kitu ulichokiandika hapo, na utasaka mwizi ambaye ni wewe mwenyewe.

Fanya kitendo mara moja bila kupima, ili vitu vya mara ya kwanza vijipange. Nenda kwa sehemu iliyoandikwa "Memory", chagua "Heap snapshot", piga picha ya kwanza. Sasa rudia kitendo mara saba. Mbona saba? Kwa sababu saba ni namba ya ajabu kidogo. Ukiona kitu kimeongezeka mara 7, au 14, au 21, huyo ndiye mtu wako. Ukirudia mara kumi, kila kitu kwa programu yako kinafanana na kumi.

Piga picha ya pili, kisha chagua "Comparison" uone kilichoongezeka. Andika "Detached" kwa kisanduku cha kuchuja. Hivyo ni vipande vya ukurasa vilivyotolewa lakini bado kuna mtu amevishika. Ukikuta kimoja peke yake usipige nduru, React wakati mwingine hubaki na nakala ya mwisho kwa muda. Unatafuta kinachoongezeka kila raundi.

Bonyeza kimoja, angalia chini kwa "Retainers". Hiyo orodha ni kitabu cha wapangaji. Inakuonyesha kamba kutoka kwa hicho kipande hadi juu kabisa. Soma pole pole. Ukikutana na `$scope` na `$rootScope`, upande wa AngularJS haukuambiwa. Ukikutana na majina ya Fiber, React bado inadhani iko kazini. Ukikutana na `Subscriber` au `Subscription`, nenda kwa ghala la pamoja. Ukikutana na taima, umeshinda, imebaki tu kutafuta nani aliianzisha.

Kama kamba zimechanganyika, tumia ujanja wa kugawa. Toa mgeni wote, weka komponenti tupu inayoonyesha neno "habari" na hakuna kingine. Rudia mara saba. Bado inapanda? Kosa ni la mlango wenyewe au mwenyeji. Imetulia? Rudisha mgeni nusu nusu mpaka ianze tena.

Halafu, tafadhali, chukua simu ya bei ya chini. Iunganishe na kebo, washa hali ya watengenezaji, fungua `chrome://inspect` kwa kompyuta, na uangalie ukurasa wako ukiishi kwa simu hiyo. Kama huna, azima ya shangazi. Programu inayopita kwa simu ya shangazi itapita popote.

Wale wa "andika upya"

Najua mtasema. Mmoja atasema: tupa AngularJS, andika yote kwa React, shida imeisha. Sawa, lakini utaandika kwa miezi mingapi? Na hiyo miezi yote programu ya zamani na mpya zitakaa wapi? Kwa ukurasa mmoja, buda. Hata ukiamua kuhama, mpaka utakuwepo mpaka siku ya mwisho ya kuhama. Na ukifika, taima isiyozimwa inavuja kwa React peke yake pia.

Mwingine atasema: weka ukurasa ujianze upya kila nusu saa. Kama plasta, nakubali, bora uhifadhi kwanza kile mtu amejaza. Lakini kila kuanza upya ni bando ya mtu, na kama hujahifadhi, ni fomu yake pia.

Wa tatu atasema RAM siku hizi ni bei rahisi. Kwake. Mwambie aende sokoni Kiserian siku ya mnada wa mbuzi aitangaze hiyo habari.

Kuna pingamizi moja naiheshimu: fremuweki mbili ni kilo za ziada za kupakua, hata kama hakuna kinachovuja. Hiyo ni kweli, na ni sababu nzuri ya kumaliza kuhama haraka. Haijawa sababu ya kuacha lango wazi tukiwa njiani.

Ninachotaka tufanye

Sheria yangu ni moja, na inaingia kwa sentensi fupi: anayebandika ndiye anayebandua. Usikubali kodi yoyote inayoingiza mgeni bila mstari wa kumtoa, uandikwe kwa faili ile ile, siku ile ile. Ukiwa unakagua kazi ya mwenzako, tafuta `createRoot`, kisha tafuta `unmount`. Idadi zisipolingana, uliza. Huhitaji cheo kuuliza hilo.

Na kwa wale mnajifunza sasa hivi kwa hotspoti ya simu, mkihesabu ni fremuweki ngapi zitatosha kupata kazi: AngularJS ilitoka 2010 na huduma ikaisha baada ya miaka kama kumi na moja. Hii mnayojifunza leo pia itazeeka. Lakini msafishaji wa memori bado anauliza swali lile lile alilokuwa akiuliza wakati huo: nani bado amekishika hiki kitu? Msee anayejua kulijibu kwa kusoma "Retainers" ana ujuzi utakaomfaa hata majina yote ya leo yakisahaulika.

Wikendi hii chukua mradi wako wowote, hata ule mdogo wa darasani. Kitendo kimoja, mara saba, picha mbili. Ukikuta namba saba imekaa hapo inakuangalia, sasa unajua pa kuanzia.